Kichwa Bure, Kiwiliwili Shilingi 500: Jinsi ya Kutangaza Gazeti kwa Mzaha

Bango langu la kwanza la gazeti lilidumu siku moja na nusu. Lilikuwa la karatasi ngumu, limebandikwa kwenye meza ya magazeti pale kituo cha daladala Mwenge, Dar es Salaam, na liliandikwa hivi: "Kusoma gazeti bila kununua ni sawa na kunusa pilau la jirani." Nilipolitunga nilicheka peke yangu ofisini mpaka mhariri akauliza kulikoni. Pale mezani hakucheka mtu. Wale jamaa wanaoinama kila asubuhi mikono nyuma, wakapitia vichwa vya habari vya magazeti yote kisha wakaenda zao, walilisoma, wakatazamana, wakahamia meza ya ng'ambo ya barabara. Kesho yake mchana mzee wa meza akanipigia simu.

"Mwanangu, njoo uchukue pilau lako."

Nilipofika alinikalisha kwenye ndoo yake ya rangi akanipa somo ambalo chuoni sikulipata. Katika hao wa kuinama, alisema, yupo anayenunua Jumatano tu, yupo anayenunua timu yake ikishinda, na yupo mmoja anayenunua kila siku ila lazima kwanza ainame aone leo lipi lina nyama. Mimi nilikuwa nimewatukana wateja wake kwa maandishi makubwa, tena kwa gharama ya kampuni.

Baada ya wiki mbili nilirudi na bango jingine: "Hiki ni kichwa tu. Kiwiliwili kiko ndani, shilingi 500." Jamaa mmoja aliinama, akasoma, akacheka puani, akasema, "Haya mzee, nipe kiwiliwili." Tangu siku hiyo ikawa ndiyo lugha ya meza ile. Siku ya gazeti letu kutoka, watu walikuwa wanauliza kiwiliwili kimefika? Gazeti lenyewe lilikuwa la wiki, sitalitaja, na lilishakufa zamani kwa sababu zisizohusiana na mabango yangu (hivyo ndivyo ninavyojiambia).

Mabango yale mawili yanasema jambo lilelile: acha kusoma vichwa, nunua. La kwanza linamcheka mnunuzi. La pili linacheza na neno, na mnunuzi anaingia kwenye mchezo. Karibu yote nitakayokueleza hapa yanatoka kwenye tofauti hiyo, na kama una gazeti la kutangaza, liwe la taifa, la mkoa au la shule, utayatumia.

Anzia mezani

Usifungue kompyuta kwanza. Nenda kwenye meza ya magazeti asubuhi tatu, ufike saa 12 na nusu mzigo unapopangwa, umwamkie mwenye meza, ununue chai ya watu wawili, ukae. Beba daftari dogo. Usiwaulize watu wanapenda nini katika gazeti, watakudanganya kwa adabu. Watasema wanapenda uchambuzi wa uchumi. Wewe andika wanachofanya.

Daftari langu la asubuhi hizo ninalo hadi leo. Gazeti linafungia vitumbua. Gazeti linapepea kwenye daladala ya mchana. Linafuta kioo cha gari kuliko kitambaa. Linatandikwa kabatini chini ya vyombo, linaziba dirisha la chumba kipya mpaka pazia lipatikane, linakaliwa na wasiotaka kuchafua suruali. Kijana amelifungua lote mbele ya uso ili asionekane kwamba amekaa na mama mjamzito amesimama. Mzee anaanza ukurasa wa mwisho, wa michezo, anarudi nyuma taratibu kama anayetoka kwenye nyumba ya msiba bila kugeuza mgongo. Binti anakata tangazo la kazi kwa ukucha, anaweka kwenye pochi, anaacha gazeti zima juu ya kiti.

Kila mstari hapo ni tangazo ambalo halijaandikwa. Huhitaji kubuni kichekesho. Watu wameshakifanya, kazi yako ni kukiokota na kukisafisha.

Kisha, kabla ya mzaha wowote, andika sentensi moja kavu inayosema kwa nini mtu atoe hela yake. Kavu kabisa. Yangu siku zile ilikuwa: "Redio imetaja, sisi tumeeleza." Ibandike ukutani. Ukishatunga kichekesho, kilinganishe nayo. Halafu fanya jaribio la sabuni: ondoa jina la gazeti, weka jina la sabuni ya kufulia. Kama bado kinachekesha vilevile, kitupe bila huruma. Kiwiliwili hakiwezi kuuza sabuni, maana sabuni haina kichwa cha habari. Nimeona gazeti likitangazwa kwa picha ya mbuzi aliyevaa miwani. Watu walimpenda sana yule mbuzi. Gazeti gani? Hakuna aliyekumbuka.

"Habari za leo?"

Hapa nitakaa kidogo, maana ni sehemu ninayoipenda. Waswahili tumepewa zawadi ambayo watangazaji wa magazeti duniani wangeililia: salamu yetu yenyewe inauliza habari. Habari za leo, habari za asubuhi, habari za kutwa. Na tunajibu nini? Nzuri. Una mafua, kodi ya nyumba imeisha, bosi hajalipa mwezi wa pili: nzuri. Tunajibu kabla ya kujua lolote.

Niliona mara moja kwamba hapo kuna tangazo. Kulitoa kulinichukua siku nne.

Jaribio la kwanza: "Ukiulizwa habari za leo, jibu kwa uhakika. Soma gazeti letu." Hakuna kosa, na hakuna uhai. Ni mwalimu wa zamu anatoa maelekezo.

La pili: "Habari za leo? Nzuri? Una uhakika? Umesoma?" Maswali manne mfululizo, msomaji anajiona yuko kituo cha polisi anaandika maelezo.

La tatu nililiandika nyuma ya tiketi ya basi:

– Habari za leo?
– Nzuri.
– Umezisoma wapi?

Likakaa. Mstari wa kwanza ni salamu ambayo kila mtu anaipita bila kuiona, wa pili ni jibu ambalo mdomo hutoa wenyewe, wa tatu unamgeuza mtu arudi kuutazama wa kwanza. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina la gazeti. Basi.

Mhariri alilipenda, kisha akataka tuongeze "Gazeti linaloongoza kwa habari za uhakika na za haraka." Nilimsihi kama mtu anayeomba ruhusa ya harusi. Kila neno unaloweka baada ya kichekesho linafanya kazi ya kukieleza, na kichekesho kikishaelezwa kimekuwa hotuba ya mgeni rasmi. Tulikubaliana kwa shingo upande: maneno yake yaliwekwa kwenye matangazo ya wafanyabiashara, ambao hawataki kuchekeshwa bali kuonyeshwa idadi ya nakala. Hilo nalo lishike. Tangazo la kumpata msomaji na tangazo la kumpata mfanyabiashara ni vitu viwili.

Salamu moja ikikubali, vuta kamba uone kama zingine zinafuata. Zilifuata. Nyingine ziligoma ("habari za nyumbani" ilitaka kugeuka ugomvi wa mke na mume), ila moja ilikuja imekamilika, nami sikuigusa hata nukta:

– Habari za siku nyingi?
– Hizo hatuna. Tunauza za leo.

Mwachie msomaji kipande cha mwisho

Wanaotajwa sana katika kazi hii ni The Economist la London, ambalo lina sura ya jarida lakini lenyewe hujiita gazeti. Mwaka 1988 mwandishi wa matangazo David Abbott aliwaandikia bango lenye rangi nyekundu kama kichwa cha gazeti lao, herufi nyeupe, bila picha. Lilisema, kwa Kiswahili chetu: "Mimi The Economist huwa silisomi kabisa." Na chini yake, aliyesema: meneja mwanagenzi, umri miaka 42.

Tazama kinachotokea. Unasoma maneno ya kwanza, unashangaa gazeti gani linatangaza watu wasiolisoma. Unafika kwenye cheo. Unafika kwenye umri. Kichwani mwako hesabu inajifanya yenyewe: miaka 42 na bado anafundishwa kazi? Kicheko hakimo kwenye bango, kimo kwako wewe uliyejumlisha. Na mtu akishajumlisha mwenyewe anajiona mwerevu, na huo werevu ndio bidhaa waliyokuwa wanauza.

Wala usidhani hayo ni ya Ulaya tu. Mwalimu wangu wa kwanza wa uandishi wa matangazo ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina lenyewe ni maneno machache yaliyokaa chini kidogo ya katikati. "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Aliyeivaa hakusema lolote. Kapita tu uani kuanika nguo. Aliyesoma ndiye anayejijazia: nani? Siye kwa lipi? Ananisema mimi? Maneno manne yamefanya mtaa mzima ukose usingizi. Ukitaka kupima kama bango lako ni fupi kiasi cha kutosha, jiulize kama lingeenea kwenye kanga na bado mtu akalisoma mwenye kanga akitembea.

Namna ya kuachia kipande ni hii: andika kichekesho chote, kisha futa sentensi ya mwisho. Soma. Kama bado kinaeleweka, ile sentensi ilikuwa mzigo. Futa na inayofuata. Simama pale ambapo mwenzako anahitaji pumzi moja kabla ya kucheka. Akihitaji pumzi tatu, umefuta mno, rudisha moja.

Mtani wako ni nani?

Tuna utani wa makabila, na utani una sheria ambazo hazijaandikwa. Mtani anaweza kukuvamia msibani akalala kaburini akidai alipwe ndipo mzike, na mkacheka huku mnalia. Asiye mtani akifanya hivyo ni ugomvi wa vizazi. Kwa hiyo kabla hujacheka, jiulize una utani na nani.

Gazeti lina utani na nafsi yake, hilo halina mjadala. Cheka makosa yako ya uchapaji, cheka wino unaobaki vidoleni, cheka ukubwa wa karatasi unaompiga jirani kwenye daladala. Gazeti lina utani na lugha. Na lina utani na mtu wa kwenye picha asiyelisoma, ilimradi asifanane na yeyote aliyesimama mezani.

Hilo la mwisho lilifanywa kwa ustadi Marekani, kwa miaka mingi, na gazeti la jioni la Philadelphia lililoitwa The Bulletin. Kaulimbiu yao ilisema kwamba Philadelphia, karibu kila mtu anasoma The Bulletin. Mchoraji Richard Decker akaichukua akaigeuza mfululizo wa katuni zilizochapwa kwenye jarida la The New Yorker: umati wa watu, kila mmoja pua imezama gazetini, na balaa fulani linatokea mbele yao. Mtu mmoja tu mwembamba, asiye na gazeti, anapiga kelele na kunyoosha kidole, hakuna anayemsikia.

Neno lililobeba kazi yote ni "karibu". Bila hilo ni majigambo ya kawaida, kila gazeti husema linasomwa na wote. Mle ndani ya "karibu" ndimo alimoingia yule mwembamba. Na angalia ubishi wake: picha inaonyesha wasomaji wa gazeti wakiwa ndio wapumbavu, mwenye akili ni yule asiyesoma! Gazeti limejicheka lenyewe, na kwa kujicheka limesema kwamba linanoga kiasi kwamba haliwekeki chini. Watu wakaipenda Bulletin kwa hilo.

The Bulletin lilifungwa tarehe 29 Januari 1982, baada ya kuwa limeanza mwaka 1847. Televisheni ilikuwa inatoa habari za jioni bila kukwama kwenye foleni, na wasomaji walishahamia nje ya mji. Usiende kumwahidi mwenye gazeti kwamba mzaha utamwokoa. Mzaha unamleta mtu mezani. Akilifungua gazeti akakuta taarifa ya jana ya redio, wiki ijayo haji.

Wanaochekesha kwa kumpiga mpinzani nao wapo. Chennai, India, The Times of India liliingia mji wa The Hindu, gazeti la tangu 1878, kwa tangazo la watu wanaosinzia kwa habari za kuchosha. Mwaka 2012 The Hindu likajibu: vijana wanaulizwa maswali ya siasa na historia, wanaboronga yote. Wanaulizwa la waigizaji wa sinema, wote wanajua. Wanaulizwa husoma gazeti gani, sauti inazibwa kwa mlio ila midomo unaiona wazi inavyotamka. Nililitazama nikacheka sana, kisha nikakumbuka pilau. Wale vijana wanaochekwa ndio hasa ambao The Hindu lilihitaji wanunue. Mimi nisingelifanya. Mhariri wangu angelifanya asubuhi na mapema.

Wakati karatasi yenyewe ndiyo kichekesho

Tangazo la gazeti ninalolionea wivu kuliko yote ni la Afrika, na ni kicheko cha machungu. The Zimbabwean lilianzishwa mwaka 2005 na Wilf Mbanga akiwa uhamishoni Uingereza. Serikali ya Zimbabwe ikaliwekea ushuru wa bidhaa za anasa, gazeti likawa ghali kwa watu lililowalenga. Mwaka 2009, hela ya Zimbabwe ikiwa imeoza kwa mfumuko wa bei kiasi kwamba palikuwa na noti ya dola trilioni 100, wakala wa matangazo TBWA Hunt Lascaris wa Johannesburg alichukua noti halisi akachapa matangazo juu yake. Mabango makubwa yalibandikwa kwa noti. Vipeperushi vilikuwa noti. Moja lilisema: kuchapa hiki kwenye pesa ni nafuu kuliko kwenye karatasi. Jingine: asante Mugabe, pesa hizi sasa ni karatasi za ukutani. Walitwaa tuzo kuu kwenye tamasha la matangazo la Cannes, Ufaransa, mwaka huohuo.

Maneno yale yangechapwa kwenye karatasi ya kawaida yangekuwa malalamiko ya kawaida. Juu ya noti, mtu haulizi ushahidi. Ameushika.

Kwa hiyo jiulize: gazeti letu lina kitu gani cha kushikwa? Siyo lazima kiwe cha tuzo. Mimi nilirudi kwenye daftari nikakuta vitumbua. Hakuna Mtanzania ambaye hajawahi kusoma kipande cha gazeti chenye mafuta, akafika patamu, karatasi ikaisha. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 hali hiyo ndiyo imezidi. Tulichapa vifuko vya karanga, upande wa nje tu kwa sababu wino si kitoweo, kila kimoja na nusu ya habari iliyokatika katikati ya neno. Chini: "Lote liko mezani."

Toleo la redio la wazo hilohilo nitakuwekea lote, maana redio ndiyo utakayomudu bei yake. Kwa sekunde 30 usizidishe maneno 55 au 60, vinginevyo msomaji wa tangazo ataharakisha kama dalali wa mnada.

(Sauti za mtaani. Mtu anatafuna karanga.)
MTEJA: "…mweka hazina wa vikoba alikiri kuwa fedha zote alimpelekea…" (Karatasi inageuzwa.) Alimpelekea nani? Wewe, alimpelekea nani?
MUUZA KARANGA: Sijui bosi. Jaribu pakiti nyingine.
MTEJA: Lete. (Anatafuna.) "…tui la pili, koroga usiache likatike…" Aah!
SAUTI: Nunua lote.
(Jina la gazeti.)

Mwanzoni yule mweka hazina alikuwa waziri. Kituo cha kwanza cha redio kikaogopa, tukamshusha akawa mwenyekiti wa mtaa. Cha pili nacho kikasita, akawa mweka hazina wa vikoba. Ajabu ni kwamba kila aliposhushwa cheo kicheko kiliongezeka, kwa kuwa waziri tunamsikia tu, mweka hazina wa vikoba tunamjua na nyumba yake. Woga wa redio ulinifanyia uhariri ambao nisingeufanya.

Mambo ya kuogopa, kwa ufupi

Picha za watu. Mwaka 2013 Cape Times la Cape Town lilichukua picha maarufu za historia, Churchill na Jackie Kennedy wakiwamo, likazigeuza zionekane kama wamejipiga wenyewe kwa kunyoosha mkono, na maneno kwamba huwezi kuikaribia habari kuliko hapo. Safi kabisa. Ila wewe usimpige picha abiria aliyesinzia ukamweka kwenye bango. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, yule abiria ana shemeji. Mlipe rafiki yako asinzie.

Siku ya wajinga. Tarehe 1 Aprili 1977 The Guardian la Uingereza lilitoa kurasa 7 kuhusu visiwa vya San Serriffe, ambavyo havikuwepo. Karibu majina yote yalikuwa ya herufi na uchapaji, mji mkuu ukiitwa Bodoni, na hata Kodak, kampuni ya kamera na filamu, wakaweka tangazo la kuomba picha zilizopigwa huko. Nililisikia nikiwa mwanafunzi nikatamani kufanya hivyo. Leo nakushauri uache. Habari ya uongo ya Aprili itakatwa tarehe, itazunguka kwenye simu mpaka Agosti, na jina lako litakuwa juu yake.

Kibali cha bango. Ulizia halmashauri kabla ya kupanda ngazi.

Kujua kama imefanya kazi

Wasomee mzaha wako wauza magazeti wawili. Nenda zako, rudi baada ya saa nzima, mwambie mmoja: hebu nikumbushe nilikwambiaje? Akirudia na jina la gazeti likiwemo, chapa. Akirudia bila jina, lirudishe jina ndani ya kichekesho, siyo chini yake. Akisema "ah, lile la kuchekesha", anza upya.

Kisha hesabu nakala zinazobaki kwenye meza zilezile tano, wiki mbili kabla na wiki tatu baada. Usihesabu kicheko. Pale Mwenge nilipoona mzee anarudisha mzigo mdogo kuliko kawaida ndipo nilipojua, na hata hivyo wiki mojawapo ilikuwa ya mechi ya Simba na Yanga, nikaitoa kwenye hesabu. Bango likimaliza wiki ya tatu liondoe hata kama bado unalipenda. Wewe ndiye wa mwisho kulichoka.

Siku hizi meza zimepungua na maumivu yamehamia kwenye simu: mmoja ananunua gazeti la mtandaoni, analituma PDF kwenye kundi, watu 200 wanasoma. Juzi kijana mmoja wa gazeti la mkoa aliniomba mstari wa kuweka kwenye stetasi. Nikamwandikia haraka: "Kundi lina watu 200, aliyelipa ni mmoja. Wengine mnanusa." Nikabonyeza kutuma, nikashtuka. Lilikuwa pilau lilelile, limepashwa moto.

Nikamwomba alifute. Nikakaa nalo jioni nzima, nikamtumia hili badala yake: "Leo amenunua yeye. Kesho zamu ya nani?" Kama chai ya kijiweni, ambayo hakuna anayeitwa mdokozi, kuna zamu tu. Kabla ya kulitumia nililijaribisha kwenye kundi la ukoo wetu, ambako PDF huingia kila siku saa 1 asubuhi na hakuna anayeuliza imetoka wapi. Kimya kwa dakika 20. Kisha shangazi akaandika: "Yako."